Jinsi ya kuchagua samaki wawindaji wadogo kwa tangi la nyumbani mjini Bukavu

Samaki mwindaji ni yule anayeishi kwa kula viumbe wengine walio hai, wawe samaki wenzake, uduvi, konokono, wadudu au viluwiluwi vya mbu. Mtu anayemfuga hupata burudani ambayo samaki mla majani ni nadra kuitoa, kwa kuwa mwindaji hunyemelea, husubiri, hugeuza macho kumfuata anayepita mbele ya kioo, na hujifunza upesi saa ya chakula. Hata hivyo, mwindaji aliyechaguliwa vibaya huwamaliza wenzake, au hukua hadi tangi likamshinda, au hufa kwa maji asiyoyazoea. Mara nyingi chanzo cha hasara hizo ni siku ya kununua, ambapo mnunuzi hutazama rangi na umbo, ilhali mambo yanayoamua ni mawili tu: maji aliyo nayo mnunuzi nyumbani na ukubwa wa mdomo wa samaki akishakuwa mtu mzima.

Maelezo haya yanamlenga mkaazi wa Bukavu mwenye tangi la kiasi, yaani la lita 60 hadi 160, lililotengenezwa na fundi wa vioo kwa silikoni au kununuliwa likiwa tayari. Wa Goma naye ataona mengi yanayomhusu, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Maji kwanza, samaki baadaye

Bukavu ina aina tatu za maji ambayo mfugaji anaweza kuyapata bila gharama kubwa: maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji, maji ya Ziwa Kivu na maji ya mvua. Hayafanani, na kila aina huita samaki wake.

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9 na yamejaa chumvichumvi za madini. Ukiyapima kwa kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, utapata karibu mikrosimensi 1,200 au zaidi kidogo kwa sentimita, wakati Ziwa Tanganyika huwa na kama 650 hadi 700, yaani takribani nusu yake. Maziwa hayo mawili ni ndugu, kwa sababu mto Ruzizi hutoka Kivu hapa hapa Bukavu na kumwaga maji yake Tanganyika upande wa Uvira, ukibeba sehemu kubwa ya chumvichumvi zinazolipa Tanganyika tabia yake. Faida yake kwa mfugaji ni kubwa: ukichanganya nusu ya maji ya Kivu na nusu ya maji laini, unapata maji yanayokaribia sana yale ya Tanganyika bila kununua dawa wala chumvi yoyote ya dukani. Wafugaji wa Ulaya hulipa fedha nyingi kuyatengeneza maji ambayo sisi tunayachota kwa bidoni.

Wapo wanaoyaogopa maji ya Kivu kwa sababu ya gesi. Methani na kaboni dioksidi zinazosemwa zimefungiwa chini sana, katika kina cha mamia ya mita, na maji ya juu yanayochotwa na watu hayana tatizo hilo. Tatizo lenyewe ni uchafu wa ukingoni. Makorongo na mifereji ya mji huteremsha taka na maji machafu hadi ziwani, hasa baada ya mvua, kwa hiyo maji ya tangi yachotwe mbali na midomo ya mifereji, ikiwezekana kwa mtumbwi, na yachujwe kwa kitambaa kisha yakae siku mbili au tatu yatulie kabla ya kutumika.

Maji ya bomba hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na msimu hadi msimu, hivyo yapime mwenyewe kwa karatasi za kupimia pH na ugumu wa maji, usitegemee kipimo cha jirani. Klorini iliyomo huondoka ukiyaacha maji katika beseni lililo wazi kwa muda wa saa 24, na upesi zaidi ukiyapulizia hewa kwa pampu. Makaa ya kupikia hayafanyi kazi ya makaa maalumu ya chujio, na kuyatia ndani ya tangi ni kuongeza vumbi tu.

Maji ya mvua ni laini, karibu hayana madini, na yanafaa kulainisha maji mengine au kufugia samaki wa misitu ya bonde la Kongo. Peke yake hayafai, kwa sababu pH yake huyumba kwa jambo dogo. Msomaji wa Goma aongeze tahadhari: moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huitia mvua ya huko asidi na floridi, na kiasi chake hufuata upepo wa siku hiyo. Heri atumie maji ya bomba yaliyoachwa kukaa.

Kuna jambo moja kuhusu maji yenye pH ya juu ambalo muuzaji ni nadra kulieleza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na sehemu ya amonia hiyo iliyo sumu kali huongezeka pH inapopanda. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Katika pH 9, ni zaidi ya theluthi. Mwindaji hula nyama, na nyama hutoa amonia nyingi. Kwa hiyo anayetumia maji ya Kivu hapaswi kuingiza samaki katika tangi jipya hata kidogo, bali aliache tangi lifanye kazi kwa wiki nne hadi sita, chujio likizunguka na chakula kidogo kikitiwa kila siku, hadi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wawe wamekaa imara. Kwa baridi ya Bukavu kazi hiyo huchelewa, hivyo maji yapashwe moto tangu siku ya kwanza. Chupa ndogo ya kupimia amonia ina manufaa kuliko mapambo yote yanayouzwa dukani.

Kwa nyumba ya bakteria hao, mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yaliyojaa kila mtaa wa Goma, ni bora sana. Yaoshwe kwa maji mengi hadi vumbi jeusi liishe, yachemshwe, kisha yawekwe ndani ya chujio. Ombi kwa rafiki anayesafiri kwa boti kutoka Goma hutosha kukupatia mfuko mmoja.

Mwinuko, baridi na delestaji (mgao wa umeme)

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 ambayo pwani yangeshika kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, hapa hushika takribani 6.9. Upungufu huo hauui samaki, lakini unamaanisha kwamba idadi inayopendekezwa na vitabu vya ng'ambo ipunguzwe, na pampu ya hewa isihesabiwe kuwa anasa.

Usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, maji ya tangi lisilopashwa moto hushuka chini ya nyuzi 20 kwa urahisi. Wawindaji wengi wadogo wanataka nyuzi 24 hadi 26, na wakipoa huacha kula, kisha huugua. Kipasha-maji chenye kipimajoto chake, cha wati moja kwa kila lita, kinatosha katika chumba cha kawaida. Swali gumu ni umeme wenyewe. SNEL, shirika la umeme, ikikata, tangi la lita 40 hupoa ndani ya saa chache, lakini la lita 150 huhifadhi joto usiku kucha ukilifunika kwa blanketi na kuliwekea frigoliti (povu gumu jeupe) chini na upande wa nyuma. Ndiyo maana mimi humshauri anayeanza asinunue tangi dogo kabisa kwa kufikiri kuwa ni rahisi kulitunza.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linafaa kuliko chujio kubwa la nje, kwa kuwa pampu ndogo inaweza kuunganishwa na betri ya sola na kuendelea kufanya kazi. Chujio la nje lililofungwa likizimika kwa saa nyingi, bakteria wake hukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi hutapika maji yenye sumu ndani ya tangi; lisafishwe kabla ya kuwashwa tena. Wakati wa giza samaki wasilishwe.

Delestaji inapaswa pia kuathiri uchaguzi wa samaki. Wapo wawindaji wanaovuta hewa juu ya maji, nao huvumilia pampu kuzimika kuliko wanaotegemea matamvua peke yake. Nitawarudia hao hapa chini.

Kanuni ya mdomo

Kila samaki anayeingia mdomoni mwa mwenzake ataliwa, kama si leo mchana basi usiku wa leo. Usipime urefu wa mwili, pima mdomo ukiwa wazi. Wapo samaki wenye midomo inayochomoka mbele na kuwa mrija mrefu, na mnunuzi aliyewaona wakiwa wamefumba hawezi kukisia kinachoweza kupita. Mwenzi wa mwindaji awe na angalau theluthi mbili za urefu wake, na awe mpana wa mwili. Hesabu hiyo ifanywe kwa urefu wa utu uzima, kwa sababu samaki wawili walionunuliwa wakilingana hawakui kwa mwendo mmoja.

Kwa tangi la lita 60 hadi 160, mwindaji asizidi sentimita 15 akiwa mzima, na ni vizuri zaidi asizidi 10. Pia tafuta wale ambao porini hula uduvi, wadudu na vifaranga vya samaki, kuliko wanaoishi kwa samaki wakubwa pekee. Wa kundi la kwanza hulishika chakula cha kawaida upesi. Wa kundi la pili wanaweza kukaa wiki nzima wakikataa kila kitu kisichotikisika.

Wa Tanganyika: chaguo la kwanza

Kwa kuwa maji yanakaribiana na Uvira haiko mbali, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi kutoka Tanganyika ndio ninaowaweka mbele ya wengine wote kwa mkaazi wa Bukavu.

Anayeanza na tangi la lita 60 au 80 atafute samaki wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na hasa Lamprologus ocellatus. Dume hufika kama sentimita 6, jike hupungua hapo, na bado wana ukali wa samaki mkubwa: dume hulinda ganda lake, huchimba mchanga kulizunguka hadi libaki mdomo tu, na mkono wa mfugaji ukiingia ndani ya tangi hushambuliwa. Chakula chao ni viumbe vidogo vinavyopita majini. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5, na maganda mengi kuliko samaki, ili wasigombanie makao. Ziwani hutumia maganda ya konokono aitwaye Neothauma, lakini maganda ya konokono wa nchi kavu wenye ukubwa wa limao dogo hufaa vilevile yakishachemshwa na kusuguliwa. Dume mmoja na majike wawili wanatosha katika lita 80. Madume wawili watapigana hadi mmoja afe. Neolamprologus brevis anafugwa kwa namna hiyo hiyo na ni mpole kidogo.

Kwa tangi la lita 100, fikiria Julidochromis, samaki wembamba wenye mistari au madoa ya kama ubao wa drafti, wanaoishi katika nyufa za mawe. Julidochromis marlieri, wa pwani za kaskazini mwa ziwa, hufika sentimita 13 au zaidi kidogo, na jike mara nyingi ndiye mkubwa. Wapange mawe hadi karibu na uso wa maji, yakiwa yamekaa juu ya kioo cha chini na si juu ya mchanga, kwa sababu samaki hawa huchimba na rundo lililosimama mchangani huanguka likavunja kioo. Usinunue wawili ukidhani watakuwa mume na mke. Nunua wadogo watano au sita, waache wakue pamoja, na wawili wakishaungana na kuanza kuwafukuza wengine, waondoe hao wengine siku hiyo hiyo. Jozi iliyokaa vizuri usiihamishehamishe wala kubadilisha mpango wa mawe, kwa sababu jozi nyingi huvunjika na mmoja kuuawa baada ya tangi kupangwa upya.

Mwindaji kamili wa kundi hili ni Altolamprologus compressiceps. Mwili wake umebanwa kutoka ubavuni hadi ukawa mwembamba kabisa, na wembamba huo ndio silaha yake: hujipenyeza katika ufa ambao samaki wengine wa ukubwa wake hawawezi kuingia, na huko hunyonya uduvi na vifaranga vilivyojificha. Akitishwa huukunja mwili kama upinde na kumwelekezea adui magamba yake mazito. Hukua polepole sana, baada ya mwaka wa kwanza huongeza sentimita moja au mbili tu kwa mwaka, na dume hatimaye hukaribia sentimita 15. Ukuaji huo wa taratibu ni neema kwa mwenye tangi la kiasi, lakini una sharti: samaki huyu hali kwa fujo, hukaribia chakula kwa kufikiri, na akichanganywa na walafi hubaki na njaa. Lita 150, mawe marefu yenye nyufa za kusimama, na mmoja au jozi, inatosha. Vifaranga vya Julidochromis katika tangi hilo hilo vitakuwa mboga yake, jambo ambalo baadhi ya wafugaji hulitaka ili idadi isizidi.

Wanaovuta hewa, na wa maji laini

Asiyependa kubeba maji ya ziwa, au ambaye umeme wake hukatika kila siku, aangalie samaki wa jamii ya Ctenopoma na Microctenopoma wa bonde la Kongo. Wana kiungo maalumu kichwani kinachowawezesha kuvuta hewa moja kwa moja, na porini hukaa katika vinamasi ambavyo oksijeni yake ni kidogo. Microctenopoma fasciolatum na Microctenopoma ansorgii hufika kama sentimita 8, hukaa vizuri katika lita 80 zenye mimea na vivuli, na hula wadudu na viluwiluwi. Ni wawindaji wa kimya wa vifaranga, hivyo wasiwekwe na gapi wadogo (samaki wadogo wa mapambo wanaozaana upesi) kama mfugaji anawataka gapi hao. Ctenopoma acutirostre, mwenye madoa ya chui, ni mzuri kuliko wote kwa macho, lakini hufika sentimita 15, na yeye ni mmoja wa wale wenye mdomo unaochomoka. Anahitaji lita 150 na wenzi wakubwa. Tangi la samaki hawa lifunikwe kwa kioo, kwa sababu mbili: huruka, na hewa baridi ya usiku wa Bukavu wanayoivuta juu ya maji huwadhuru.

Pantodon buchholzi, samaki kipepeo, hukaa juu kabisa ya maji akijifanya jani lililoanguka, na hukamata mdudu anayegusa uso wa maji. Hufika kama sentimita 12. Hataki tangi refu la kwenda chini, anataka pana, maji laini na tulivu, na mimea inayoelea. Huyu asithubutu kuwekwa katika maji ya Kivu. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua ni karamu yake.

Samaki hawa wa misitu kwa kawaida hufika Bukavu kupitia wauzaji wa nchi jirani, hivyo bei yao ni kubwa na chaguo ni chache. Usivunjike moyo ukakubali chochote kilichopo.

Wa kukataliwa hata wakitolewa bure

Kambale mdogo wa kidole kimoja anapendeza, lakini ni mnyama wa bwawa na atazidi nusu mita. Kamongo hupita mita moja, huuma, na kuishi miaka mingi. Mbenga wa mto Kongo, Hydrocynus goliath, asizungumzwe kabisa kuhusu tangi la nyumbani. Tetraodon mbu, bunju wa Kongo na Tanganyika mwenye macho ya kumtazama mtu, huuzwa akiwa na sentimita 5 na hufika zaidi ya 60. Ndugu yake Tetraodon miurus hubaki sentimita 15, lakini hujizika mchangani akisubiri samaki hai, hakubali mwenzi, na nyama ya bunju ni sumu, jambo la kukumbukwa katika nyumba yenye paka na watoto. Oska wa Amerika Kusini, anayeonekana mara kwa mara kwa wauzaji wa Afrika Mashariki, hupita sentimita 30. Sangala na mikebuka ni wa sahani.

Kuhusu haplokromisi wa Kivu wenyewe, yaani sikilidi wadogo wa ziwa hili, wanaonaswa pamoja na sambaza (dagaa wa Kivu): wapo wanaokula samaki, mmojawapo akiwa Haplochromis vittatus, na maji ya ziwa letu ndiyo yao. Tatizo ni kwamba spishi zao hufanana sana, wavuvi huwapandisha wakiwa wamechubuka na nyavu, na mfugaji huishia kutojua alichonacho. Mwenye uzoefu ajaribu, anayeanza asubiri.

Siku ya kununua na safari ya kutoka Uvira

Muombe muuzaji alishe samaki mbele yako. Mwindaji mzima huelekeza macho na mwili kwenye chakula hata kama hakili. Mkatae mwenye tumbo lililobonyea nyuma ya kichwa, anayehema upesi wakati wenzake wametulia, anayening'inia juu au aliyevimba. Samaki wa Tanganyika aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu huvimba kifuko chake cha hewa na kuelea kichwa chini. Muulize mvuvi alimtoa mita ngapi, na kama jibu ni la kubabaisha, subiri siku mbili uone kama samaki anashika kina chake.

Asilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko ujazwe theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, kila samaki na mfuko wake, kwa sababu wawindaji waliobanwa pamoja hujeruhiana. Uvira iko karibu mita 780 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo barabara inapopanda kupitia Ngomo, hewa ndani ya mfuko hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mfuko uliofungwa kwa kukazwa hupasuka ukiwa njiani. Ufungwe ukiwa na ulegevu, na uwekwe ndani ya sanduku la frigoliti, maana joto la bondeni halifuati gari hadi juu.

Mkifika, taa zizimwe, mfuko uelee ndani ya tangi kwa dakika 20, kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima. Maji ya mfuko yamwagwe nje, yasiingie tangini. Mgeni akae peke yake kwa wiki tatu au nne katika beseni kubwa lenye sponji yake, kwa sababu samaki wa porini wengi huja na minyoo ya tumboni.

Chakula cha Bukavu

Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora na ni bure, lakini beseni la kuwavunia linapaswa kuchotwa kila siku bila kukosa. Ukisahau siku chache unakuwa umefuga malaria ya mtaa mzima. Minyoo ya udongo iliyokatwakatwa, viroboto wa maji kutoka kwenye madimbwi yasiyo na samaki, na wadudu wadogo wa bustani isiyopuliziwa dawa, vyote hufaa.

Sambaza wabichi wa soko la Kadutu waliokatwa vipande vidogo huliwa kwa pupa, na hapo ndipo penye mtego. Aina nyingi za jamii ya sambaza zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuwagandisha kwenye friji hakukiondoi. Wape mara moja kwa wiki, pasipo kichwa na matumbo, na siku nyingine wape vingine. Sambaza waliokaushwa kwa chumvi wasitumike.

Samaki hai wa kulishia wasinunuliwe wala kuchotwa mtoni, kwa kuwa huleta magonjwa. Kama ni lazima, zalisha gapi wako katika beseni la pembeni. Mwindaji mzima alishwe mara moja kwa siku, siku tano au sita za wiki, kiasi anachokimaliza ndani ya dakika tano, na kilichobaki kiondolewe. Kila wiki badilisha robo ya maji kwa maji ya aina na joto lile lile.

Wanaozidi

Ocellatus na Julidochromis huzaana, na ndani ya mwaka mmoja utakuwa na samaki wengi kuliko nafasi. Usiwamwage ziwani wala mferejini, kwa kuwa mifereji ya Bukavu yote huishia Kivu. Ziwa hili lina haplokromisi wapatao spishi 15 ambao wengi wao hawapo pengine duniani, na tayari limepokea wageni kutoka Tanganyika: sambaza waliletwa kwa makusudi mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo wanalisha watu, lakini Lamprichthys tanganicanus alionekana katika miaka ya 2000 bila mpango wowote na sasa hula chakula kilekile cha sambaza. Wape wafugaji wengine au mrudishie muuzaji. Aliye mgonjwa asiye na matumaini auawe kwa mafuta ya karafuu: tikisa mililita 5 ndani ya chupa ya maji vuguvugu hadi yawe meupe, yamimine katika ndoo ya lita 10 yenye samaki huyo, na mwache humo kwa dakika 20 baada ya matamvua kusimama.